Mkono Hufunzwa kwa Kurudia

Katika makazi ya askari, mke ajuaye kushona huipunguzia nyumba yake gharama nyingi: sare za shule, mapazia, suruali ya kazi iliyotatuka magotini. Lakini wengi huanza mahali pasipofaa. Hununua kitambaa kizuri, hukikata siku iyo hiyo, kisha hujifunzia juu yake. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudishwi dukani, na akiba ya miezi hupotea kwa alasiri moja.

Ufundi huu hukaa katika mikono na miguu, wala hauingii humo ila kwa kurudia. Cherehani ya kukanyaga yalionyesha jambo hili waziwazi. Miguu yapasa kwenda mwendo mmoja, na mikono iongoze nguo bila kuivuta, maana kuivuta huipinda sindano, hata kuivunja. Anayeanza hukanyaga kwa hofu. Gurudumu hugeuka kinyume, na uzi husokotana chini ya nguo au hukatika. Maelezo matupu hayamponyi. Dawa ni kuketi mbele ya cherehani isiyo na uzi wala nguo, kijiguu cha chuma kimeinuliwa, akanyage, asimame, aanze tena, mpaka gurudumu limtii kila mara. Kisha achukue karatasi ya daftari na sindano kuukuu, afuate mistari yake. Matundu yaliyopotoka hayafichiki. Mstari ukinyooka, achore duara kwa kuzungusha kalamu ukingoni mwa sahani, alifuate hilo nalo. Kola na kwapa hazishonwi kwa mistari iliyonyooka.

Hata hivyo, kurudia si kuongeza hesabu tu. Arudiaye kosa bila kulitazama huufunza mkono kosa hilo hilo, na kulifundua baadaye ni kazi kubwa kuliko ya mwanzo. Kila mshono na ukaguliwe pande zote mbili kabla ya kuanza mwingine. Vitanzi vilegevu vikionekana upande wa chini, mara nyingi uzi wa juu umelegea mno, au haukupitishwa vema.

Akina baba nao wasiupite ukurasa huu. Katika vita vikuu vya 1914-1918 na 1939-1945, askari wa Uingereza walipewa kikoba cha sindano, uzi na vifungo, nacho kiliitwa "mke wa nyumbani". Jina hilo lina mzaha, lakini kazi yake haikuwa ya mzaha: askari alijishonea mwenyewe.

Tundu la kifungo lililoshonwa kwa mkono ndilo lisilosamehe. La kwanza hutoka kama limetafunwa na panya. Anayejifunza na akunje kipande cha shati kuukuu mara mbili, alichane tundu, azungushe uzi ukingoni, kila fundo likae karibu na jirani yake. Kisha achane jingine kando yake, na jingine. Safu ya matundu kumi itamwonyesha mwenyewe mkono wake ulipotulia. Shati jipya lingoje mpaka hapo. Vipande vya mazoezi visitupwe, kwani vikishonwa pamoja hufaa kushikia sufuria ya moto.