Ufa wa Ukuta wa Kale Huzibwa kwa Nini?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika majumba ya kale ya pwani ya Kenya, kama yale ya Lamu na Mombasa, kuziba ufa peke yake hakutoshi. Hapana budi kujua kwanza ukuta wenyewe ulijengwa kwa kitu gani.

Wajenzi wa zamani walitumia matumbawe ya namna mbili. Yale magumu yalichimbwa nchi kavu, yakafanywa kuta. Yale laini yalikatwa baharini yangali mabichi, yakachongwa kwa urahisi kuwa mihirabu na vizingiti, kisha yakakauka na kuwa magumu. Matumbawe mengine yalichomwa juu ya kuni nyingi hata yakawa chokaa, nayo ikazimwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga ili kushikamanisha mawe.

Wataalamu wanapotaka kujua mchanganyiko huo ulikuwaje, huchukua kipande kidogo cha chokaa ya ukutani. Sehemu moja huipondaponda na kuitia katika asidi. Chokaa hutoa povu na kuyeyuka, mchanga ukabaki chini; huoshwa, hukaushwa na kupimwa uzito. Lakini pwani pana mtego, kwa kuwa mchanga wa bahari huwa na vipande vya kombe na matumbawe, navyo pia huyeyuka. Aaminiye asidi tu atadhani kwamba chokaa ilikuwa nyingi kuliko ilivyokuwa kweli. Kwa hiyo sehemu nyingine husuguliwa hata ikawa nyembamba mno, nuru ikapenya, kisha hutazamwa kwa hadubini. Hapo huonekana kombe, punje za mchanga, makaa ya kuni, na hata matumbawe yasiyoiva tanuuni. Miale ya eksirei nayo hutambulisha madini na chumvi zilizomo.

Kazi hii si anasa. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua na chumvi ya bahari, na chokaa, kwa kuwa ina vitundu vidogo vidogo, huuacha ukauke tena. Saruji ni ngumu, nayo huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupitia katika jiwe lenyewe. Yakikauka, chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe, hulipasua kidogo kidogo hata likawa unga. Baada ya miaka, saruji husimama nzima na jiwe limeliwa.

Ndiyo sababu ya kanuni ya waashi wa majengo ya kale: chokaa ya kutengenezea iwe laini kuliko jiwe. Chokaa ikichakaa hutiwa nyingine. Bali jiwe lililochongwa kwa mkono wa fundi wa zamani likiisha, halirudi. Basi mwenye nyumba ya namna hiyo, kabla hajanunua mfuko wa saruji, yafaa akitoe kipande cha ukuta wake kichunguzwe.