Foku iliyoingia siyo foku iliyokaa

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuweke siasa kando, tuzungumze juu ya baiskeli. Najua wapo watakaoguna: baiskeli, zama hizi za bodaboda? Naam, baiskeli. Toka mjini Arusha kwa barabara ya Namanga siku ya soko la Ngaramtoni, ukae kando ya njia iteremkayo kutoka Olmotonyi. Utaona madumu ya maziwa, mikungu ya ndizi, majani ya ng'ombe na kuni, vyote vikishuka mlima juu ya magurudumu mawili. Na mzigo wote huo unaongozwa na bomba moja ambalo, katika baiskeli nyingi za zamani, unene wake wa nje ni inchi moja tu. Bomba hilo ndilo shina la foku. Likikatika, au likilegea pale linaposhikana na usukani, mpanda baiskeli hana tena uwezo wa kuchagua aanguke upande gani.

Nimelileta jambo hili kwa sababu foku ni spea inayobadilishwa sana kwa kubahatisha. Foku ya zamani imepinda au imepasuka, mwenye baiskeli anakwenda sokoni, anachukua foku ya mtumba inayofanana na yake, na fundi anaipachika. Ikiingia kwenye bomba la mbele la fremu, wote wawili wanafurahi. Lakini kuingia ni jambo moja, na kukaa ni jambo jingine.

Tuanze na hesi, maana huko ndiko kwenye udanganyifu mkubwa. Shina la foku la kawaida la inchi moja lina hesi 24 katika kila inchi. Raleigh, zile nyeusi za breki za vyuma ambazo wazee wetu walizinunua kwa fedha za kahawa, zilitengenezwa Nottingham, Uingereza, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 2002. Kampuni ile ilikuwa ikijitengenezea karibu kila kitu kwa vipimo vyake yenyewe, na hesi za foku zake zilikuwa 26 kwa inchi. Unene ni uleule. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Sasa chukua nati ya 24 uifunge kwenye shina la 26. Itaingia! Mzunguko wa kwanza utapita, pengine na wa pili. Kwa kila mzunguko nati inataka kushuka milimita 1.06, lakini shina linaipa 0.98 tu. Ukifika mzunguko wa sita, tofauti imekuwa karibu nusu ya hesi nzima, na hapo nati inakaza. Fundi mwenye haraka anadhani ni kutu. Anachukua spana ndefu, anaweka oili, anasukuma. Nati inashuka, ni kweli, lakini inashuka kwa kuua hesi. Siku hiyo baiskeli itaondoka vizuri. Baada ya majuma machache ya mawe na mashimo nati itaanza kulegea, na kila ikikazwa itazidi kuharibika.

Mtu ataniuliza: je, Hero na Avon za India, au Phoenix ya China, zina hesi ngapi? Jibu langu ni kwamba jina lililoandikwa kwenye fremu halitoshi. Baiskeli hizo zilifuata umbo la Raleigh, lakini kufuata umbo si kufuata hesi, na baiskeli ya miaka 30 huenda imekwisha kubadilishiwa foku mara tatu. Zile Swala zetu za NABICO nazo ukizikuta leo zimekwisha kuwa na viungo vya kila kabila. Pima kilichopo mkononi. Nati sahihi hushuka kwa vidole mpaka chini, bila spana. Kipimo hicho hakina gharama hata ya senti.

Kuna jambo jingine lililokuja na baiskeli za mtumba kutoka Japani. Chini ya shina la foku, pale miguu miwili inapoanzia, hugongewa pete ambayo gololi za chini huzunguka juu yake. Katika foku nyingi za Japani kikalio cha pete hiyo kina milimita 27.0, wakati kipimo kilichoenea kwingine ni 26.4. Tofauti ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Lakini pete ndogo ukiigonga kwenye kikalio kikubwa itapasuka, na pete kubwa kwenye kikalio kidogo itacheza. Nilimkuta pale Ngaramtoni mzee mmoja fundi, nikamwamkia, nikamwuliza hufanyaje akikutana na pete inayocheza. Akaniambia, "Mwanangu, wengine hapa wanakata kopo la soda wanazungushia. Mimi natafuta pete nyingine." Namwunga mkono mzee huyo. Bati la kopo husagika, na gololi huanza kula bakuli upande mmoja. Kikalio kikiwa kikubwa mno, kinaweza kukerezwa kwenye mashine hadi 26.4. Kikiwa kidogo, hakuna njia ya mkato.

Shingo ya usukani, yaani kile chuma chenye umbo la saba kinachozama ndani ya shina, nayo ina mambo yake. Ya kawaida ina unene wa milimita 22.2. Ya baiskeli za zamani za Ufaransa ni 22.0, na ya zile baiskeli ndogo za vijana za michezo, BMX za zamani, ni kama 21.1. Ukitia ya 21.1 kwenye tundu la 22.2, kabari yake itapanuka na kushika, lakini imeshika kwa shida. Ukikata kona kwa ghafla usukani unageuka na gurudumu linabaki linatazama mbele. Angalia pia mstari uliochorwa kwenye shingo hiyo kuonyesha mwisho wa kuivuta juu. Mstari ukionekana nje, shingo imepandishwa mno. Kabari inatakiwa ikae chini ya sehemu yenye hesi, kwa kuwa bomba ni jembamba pale lilipochongwa hesi, na kabari ikikazwa hapo inaweza kulipasua.

Baiskeli za milimani zilizoingia baadaye zina shina nene zaidi, milimita 28.6. Hilo halipiti kabisa katika fremu ya inchi moja, kwa hiyo angalau halimdanganyi mtu. Nyingi hazina hesi. Shingo inabana shina kwa nje. Watu hukaza bolti ya juu wakidhani ndiyo inayoshika usukani. La hasha. Bolti ile huondoa tu mchezo wa gololi, na hukazwa kwanza, kidogo. Zinazoshika ni bolti za ubavuni.

Sitasema mengi juu ya urefu. Foku ya gurudumu la 26 haitapokea gurudumu la 28, hilo kila mtu ataliona. Shina fupi mno halitaiachia nati hesi za kutosha kushika, na hilo wengi hawalioni.

Kwa anayekwenda kununua: usinunue foku tupu. Mwombe muuzaji akupe foku pamoja na nati zake, pete yake, mabakuli yake na shingo yake, vilevile vilivyotoka kwenye baiskeli moja. Atakuongezea bei kidogo, mlipe. Kisha chukua fremu yako uende nayo hapohapo sokoni, mabakuli yajaribiwe, kwa sababu ya Japani mara nyingi yana milimita 30.0 na mengine 30.2, na bakuli linaloingia kwa kusukumwa na kidole gumba litatoka vivyo hivyo njiani.