USIMTOE JINI MAPEMA!

Washikaji wengi wakitengeneza sinema ya kutisha, dakika ya kwanza tu jini keshatoka, makucha nje, damu chapachapa. Sasa saa nzima iliyobaki utatutisha na nini?

Itazame 'The Shining' ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1980. Inaanza mchana kweupe: kigari cha njano kinapanda milima ya Montana, Marekani, barabara tupu. Basi! Hakuna maiti wala paka mweusi. Ila kamera iko kwenye helikopta, inakifuata kwa juu kama vile kuna mtu hewani anakivizia, na muziki umetokana na wimbo wa kale wa misa ya wafu. Dereva hana habari. Wewe mtazamaji unazo, na huwezi kumwambia ageuze.