Kutengeneza na Kuuza Kaseti za Gemu za Zamani: Ipi Fedha ya Halali?

  

Tumepokea suali kutoka kwa baba na mama wa hapa Unguja. Kijana wao anasoma Moshi na amepanga chumba kwenye njia inayopanda Old Moshi. Wamepata kujua kwamba hununua katika soko la Kiboriloni mashine za gemu za zamani, zile za kuchomeka kaseti, huzitengeneza kisha huziuza. Pia hupokea za watu na kuzitengeneza kwa ujira. Nyengine ameziweka kabatini, haziuzi. Na usiku wa kuamkia Jumapili vijana hukusanyika kwake kucheza, huweka dau, na yeye hupata fungu lake. Kila mwezi huwatumia wazee wake fedha kwa simu. Tangu kujua haya, baba hazigusi. Mama anasema mtoto amechuma kwa jasho lake. Je, fedha hizi ni halali kwao?

Tukifahamu kitu kwanza

Wanavyuoni wamesema kuwa hukumu ya kitu hufuata kukifahamu. Wazee wengi wakisikia "gemu" hufikiria kitu kimoja tu, ilhali ndani yake mna mambo mengi.

Mashine hizi ni kizazi cha miaka ya 1980 na 1990. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa ile iitwayo Famicom mwaka 1983, na Sega ikatoa Mega Drive mwaka 1988. Gemu imo ndani ya kaseti ya plastiki. Ukiifungua utakuta kibao cha saketi chenye chipu, na ukingoni meno ya shaba yanayoingia kwenye mashine. Zilizoenea zaidi kwetu Afrika Mashariki ni nakala za Famicom zilizotengenezwa Asia Mashariki, nyingi zikipitia Dubai. Visiwani televisheni ya rangi ilianza mapema, miaka ya 1970, na Bara vituo vikaanza katika miaka ya 1990. Basi familia nyingi zilizonunua televisheni zilinunua na kaseti hizo, na leo ndizo zinazotoka kwenye mastoo na kuishia katika meza za mitumba.

Asili ya vitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Kibao cha saketi hakina dhambi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wanavyuoni walipozungumzia michezo walitenganisha ule unaotegemea fikra na hesabu, kama sataranji, na ule unaotegemea bahati ya dadu. Sataranji waliihesabu kuwa ni makuruhu ikiwa haina kamari wala haimpotezei mtu sala. Mchezo wa dadu waliuharamisha. Gemu nyingi za kaseti, kama za kuruka vikwazo au kupanga matofali, ziko karibu na fungu la kwanza. Lakini zipo kaseti zenye gemu za kamari au picha za utupu, na hizo hazichezwi, haziuzwi wala hazitengenezwi. Muziki wake watu wameukhitalifia, na jambo jepesi ni kuizima sauti.

Sasa tuzigawe fedha za kijana huyu mafungu matatu, kwa sababu kila moja lina hukumu yake.

Fungu la kwanza: ujira wa ufundi

Hili ni halali, tena ni chumo jema, maana ni kazi ya mkono. Lakini lina masharti.

Kwanza, ujira ujulikane kabla ya kazi. Akisema "nitakufanyia kwa shilingi kadhaa", hiyo ni ijara. Akisema "ikipona utanipa kadhaa, isipopona hunidai wala sikudai", hiyo ni juala, nayo inafaa. Kisichofaa ni kuichukua mashine ya mtu kimya kimya kisha kumtajia bei siku anapokuja kuifuata.

Pili, asimpe mteja ugonjwa usiokuwepo. Maradhi mengi ya mashine hizi ni madogo. Mara nyingi kaseti haisomi kwa sababu meno yake yameshika uchafu na kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi visiwani hilo ni la kawaida. Watu wamezoea kuipuliza kwa mdomo, kumbe unyevu wa pumzi ndio unaozidisha kutu. Dawa yake ni pamba na spiriti safi, kisha kuiacha ikauke. Fundi akisafisha kwa pamba halafu akadai amebadilisha chipu, amekula mali ya mtu kwa batili. Kuhusu hiyo spiriti, wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kuitumia kwa kusafishia. Mwenye kutaka kutoka katika khilafu aoshe mikono kabla ya kusali.

Tatu, mashine ya mteja ni amana. Kumtolea kipuri kizima ukamtia kibovu ni hiana, hata kama yeye hatojua. Na mteja akichelewa kurudi, mashine haigeuki kuwa mali ya fundi. Amtafute, na tokea mwanzo wawekeane muda na waandikiane.

Nne, asidhuru watu. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani hutumia umeme wa volti 100 hadi 120, na umeme wetu ni 230. Akimkabidhi mtu mashine ya namna hiyo bila ya adapta inayofaa wala kumwonya, amemtia hasarani, na huenda akaichoma nyumba yake.

Fungu la pili: faida ya kununua na kuuza

Nalo asili yake ni halali. Hatari yake ni ghushi, na biashara hii ina milango mingi ya ghushi. Zipo kaseti zilizoandikwa nje kuwa ndani mna gemu elfu kwa maelfu, na ukizichomeka unakuta chache tu zinazojirudia kwa majina tafauti. Wapo wanaoitia saketi ya nakala ndani ya ganda la asili na kuiuza kwa bei ya asili. Zipo kaseti zinazohifadhi pale mchezaji alipofikia kwa betri ndogo iliyolehemiwa ndani. Betri hiyo ikifa gemu inacheza, lakini ukizima mashine kila kitu kinafutika. Mnunuzi hawezi kuliona hilo kwa macho.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake katika rundo la chakula, akakuta chini kumeroa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichoroa juu ili watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Ganda la kaseti ni mfano wa juu ya rundo lile, na saketi ndio chini yake. Basi kijana aseme: hii ni nakala, hii betri yake imekufa, hii niliilehemu mwenyewe. Akificha aibu anayoijua, mnunuzi ana haki ya kurudisha na kupewa fedha yake, hata kama waliambiana kuwa bidhaa ikiuzwa hairudi.

Ama nakala zenyewe, Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha Kuwait, mwaka 1988, lilieleza kuwa jina la biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe na haifai kuzivamia. Kwa hivyo asitengeneze nakala mpya, wala asiuze nakala kwa jina la asili. Hapo ameingia katika makosa mawili, la kuvamia haki ya mtu na la kumdanganya mnunuzi.

Fungu la tatu: fedha ya dau

Hili ni haramu bila ya shaka. Vijana wanapoweka fedha mezani, mshindi akachukua na aliyeshindwa akapoteza, hiyo ndiyo maysir iliyokatazwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90. Haibadilishi kitu kuwa mchezo ni wa akili, wala kuwa dau ni dogo. Mwenye chumba akichukua fungu lake humo, amekula haramu na amesaidia haramu.

Wazee wajue pia ule mtindo wa vibanda vya gemu, hapa visiwani na kwengineko, wa "anayefungwa ndiye anayelipa". Vijana wengi hawauhesabu kuwa ni kamari. Lakini kila mmoja anaingia akiwa kati ya kucheza bure na kulipia wawili, na huo ndio mwendo wa kamari. Njia ya halali ni nyepesi: kila mtu alipe muda wake, ashinde au ashindwe.

Kijana huyu aache mara moja na atubie. Fungu alilolipata humo, kama anawajua wenyewe awarudishie. Kama hawajui, akadirie kiasi chake kwa dhana yenye nguvu na awape masikini, kwa nia ya kujitakasa na si kwa kutaraji thawabu ya sadaka.

Kucheza, sala na zaka

Gemu nyingi za zamani hazihifadhi pale ulipofikia. Ukizima, unaanza upya. Hapo ndipo shetani humkalia kijana: adhana inalia, naye amebakisha hatua moja baada ya saa mbili za kucheza. Sala imewekewa nyakati zake, na kupoteza hatua ya gemu si udhuru. Kitufe cha kusimamisha mchezo kipo. Asimamishe, aende, na umeme ukikatika asihuzunike.

Ama zile za kabatini, kuzikusanya kunaruhusiwa maadamu hakuna israfu, hana deni lililofika muda wake wala hakupunguza ada ya masomo. Hizo hazina zaka, kwa kuwa ni vitu vya matumizi yake. Lakini alizozinunua kwa nia ya kuziuza ni bidhaa za biashara. Zikitimiza mwaka wa Hijria, azithamini kwa bei ya soko la siku hiyo. Zikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu au, kwa mujibu wa wanaokadiria kwa fedha, gramu 595 za fedha, atoe asilimia 2.5.

Jawabu kwa wazee

Baba, hadhari yako ni njema, lakini usiitupe halali kwa sababu imelala karibu na haramu. Mama, jasho peke yake halihalalishi kitu, maana hata mwenye kucheza kamari hutoka jasho. Mpigieni mtoto na mumuulize kwa upole: katika zile ulizotutumia, ngapi za ufundi, ngapi za kuuza, ngapi za dau? Za ufundi na za biashara ya ukweli, kuleni na mumuombee baraka. Za dau, mrudishieni azitoe zinakostahiki. Asipoweza kupambanua, na kama kazi yake kubwa ni ufundi na biashara, mnaruhusika kutumia anachokupeni huku akikadiria na kutoa lile fungu chafu.

Msimwambie azivunje mashine zake. Mwambieni avunje lile baraza la usiku wa Jumapili.

Wallahu aalam.