Ngwe Isiyo na Mwisho
(Makala ya pili katika mfululizo kuhusu makundi ya kazi)

Juma lililopita tuliiacha kamba ya Max Ringelmann, yule mhandisi wa kilimo wa Ufaransa aliyeona kwamba wavutaji wakiongezeka, nguvu anayotoa kila mmoja hupungua. Msomaji mwenye haraka atasema dawa ni nyepesi: kila mtu apimiwe ngwe yake, asimamiwe, alipwe kwa alichofanya. Wenye migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza waliijaribu dawa hiyo kabla yake.

Kisa chao kilielezwa mwaka 1951 na Eric Trist, mwanasaikolojia wa Taasisi ya Tavistock ya London, pamoja na Ken Bamforth. Huyu wa pili hakuwa mgeni wa vumbi. Alikuwa amechimba makaa kwa miaka 18.

Kabla ya mashine kubwa, mgodi uligawiwa vipande vidogo. Watu wawili, pengine na kijana wa kusukuma vibehewa, walichukua kipande chao, wakakata makaa, wakapakia, wakaegemeza dari kwa magogo, na ujira wakaugawana. Walichaguana wenyewe, tena kwa makini, maana kule chini dari ikianza kulia mwenzako ndiye wa kukuvuta. Wapo waliofanya kazi pamoja miaka mingi, na mmoja akiumia au akifa, mwenzake huitunza familia yake.

Zikaja mashine za kukatia na mikanda ya kusafirishia. Sasa ukuta mmoja wa makaa uliweza kufika mita 180, ukihudumiwa na watu wapatao 40 katika zamu tatu. Zamu ya kwanza ilitoboa na kukata, ya pili ilihamisha mkanda na kupanua njia, ya tatu ilipakia. Kila mtu kazi moja, kila kazi malipo yake.

Kwenye karatasi mpango huo ulipendeza. Chini ya ardhi ulikuwa balaa. Mkataji akiacha sehemu isiyokatwa vizuri, hasara ilimwangukia mpakiaji wa zamu nyingine, ambaye labda hajawahi hata kuonana naye. Wapakiaji 20 walitawanyika gizani kando ya mkanda, kila mmoja na mita zake chache, na wasipomaliza, zamu inayofuata haina pa kuanzia. Wakalaumiana watu wasiokutana. Wengine waliona nafuu kubaki nyumbani.

Mkulima anayepimiwa ngwe ya kulima huuona mwanzo na mwisho wake. Akifika mpakani anafuta jasho na kuondoka. Mpakiaji wa makaa alipewa ngwe ambayo mwanzo wake uko mikononi mwa wengine na mwisho wake pia. Kosa halikuwa kugawa kazi. Kazi iligawiwa mahali ambapo hapana mshono.

Uthibitisho ulipatikana baadaye katika migodi ya Durham, na Trist na wenzake wakauchapisha mwaka 1963. Walilinganisha kuta mbili zenye makaa ya namna moja na mashine za namna moja. Ukuta wa kwanza ulifuata mpango wa kila mtu na kazi yake. Kwenye ukuta wa pili, watu 41 walikubaliana kuchukua kazi yote kama kundi: walipangana wenyewe, walibadilishana kazi na zamu, malipo yaliingia fungu moja na kugawanywa sawa, na kila zamu ilianzia pale ilipoachia iliyotangulia, iwe ni kazi yake au siyo. Ukuta wa kwanza ulitoa asilimia 78 ya makaa uliyoweza kutoa. Wa pili asilimia 95. Kutofika kazini, kwa ugonjwa, ajali na sababu nyingine, kulikuwa asilimia 20 kwenye ule wa kwanza na 8 tu kwenye wa pili.

Hao 41 hawakuwa malaika. Walikuwa wachimbaji walewale, wenye migongo ileile.

Mtu angetarajia Bodi ya Taifa ya Makaa, iliyokabidhiwa migodi mwaka 1947, iukimbilie mpango huo. Kwa maelezo ya Trist, wakubwa hawakutaka hata utangazwe. Kundi linalojipangia zamu humwacha msimamizi na swali gumu: yeye anasimamia nini?

Juma lijalo tutaingia chumba cha upasuaji Ifakara, mkoani Morogoro.