Chumba Kinachovuma: Kutengeneza Vifyonza Sauti vya Pembeni

Walimu wengi wa Kiswahili hurekodi wenyewe mazoezi ya kusikiliza, ama ofisini ama nyumbani. Hata maikrofoni ikiwa nzuri na msomaji akiwa hodari, rekodi huweza kutoka na mvumo mzito, kana kwamba mtu anazungumza ndani ya pipa. Katika makala haya tunaeleza chanzo cha mvumo huo na namna ya kuupunguza.

Suala hili si la wanamuziki peke yao. Tuchukue jozi hizi: doa na ndoa, goma na ngoma, buni na mbuni. Kinachozitofautisha ni nazali fupi mwanzoni mwa neno, na nguvu kubwa ya nazali imo katika sauti za chini. Msomaji akisema "andika doa", mvumo wa irabu ya mwisho ya "andika" ukichelewa kuzimika, mwanafunzi huweza kusikia "ndoa". Hapo anakosa alama kwa kosa la chumba, si la sikio lake.

Chanzo ni nini? Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, wimbi la mitetemo 43 kwa sekunde hugonga kuta mbili na kujirudia lenyewe kwa nguvu. Vivyo hivyo kwa mitetemo 86, 129 na kuendelea. Sauti ya mwanamume huanzia karibu na mitetemo 100 hadi 150, kwa hiyo imo humo humo. Mkandamizo wa mawimbi hayo yote huwa mkubwa zaidi kwenye pembe za chumba. Ndiyo maana tunaanzia pembeni.

Trei za mayai hazisaidii hapa. Wimbi la mitetemo 100 lina urefu wa zaidi ya mita 3, nalo hupita kwenye kitu chembamba kama vile hakipo. Kinachohitajika ni unene, pamoja na nafasi ya hewa nyuma yake.

Hatua za kutengeneza ni hizi:

1. Mwombe seremala fremu ya mbao yenye upana wa sentimita 60, urefu wa sentimita 120 na kina cha sentimita 10.

2. Jaza pamba ya mawe, ile inayotumiwa na mafundi kuzuia joto. Vaa glavu na ufunike pua na mdomo, kwa kuwa nyuzi zake huwasha. Sponji ya magodoro tunaiepuka, kwani hushika moto upesi na kutoa moshi wa sumu.

3. Funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, mbele na nyuma. Kiweke mdomoni upulize; pumzi ikipita, kinafaa. Turubai na plastiki havifai.

4. Simamisha fremu kwa mshazari kwenye pembe, kingo zake mbili ziguse kuta mbili. Nyuma yake patabaki nafasi inayofikia takriban sentimita 30. Usiijaze takataka, hewa inayotembea humo ndiyo inayoiwezesha pamba kufanya kazi.

5. Panga fremu mbili, moja juu ya nyingine, katika kila pembe, zifungwe ukutani zisianguke. Anzia pembe mbili zilizo karibu na maikrofoni, kisha endelea na nyingine.

Vifyonza hivi havizuii kelele za pikipiki barabarani. Kazi yake ni kutuliza sauti iliyomo chumbani.

Ili kupima matokeo, rekodi orodha ile ile ya jozi za maneno kabla na baada ya kuviweka, maikrofoni ikiwa mahali pale pale. Wape wanafunzi wasiojua ipi ni ipi, waandike wanachosikia, kisha hesabu makosa. Zoezi hilo lafaa pia kwa somo la fonetiki, kwani wanafunzi watajionea kwamba matamshi hufika sikioni yakiwa yamepitia chumba.