'Niko Karibu Kufika': Kwa Mwanahabari Chipukizi, Mtihani ni Nauli

UKISIKIA msee anaandikia gazeti au redio ya mtaa, huenda ukadhani kibarua ni kuandika. Manze, kuandika ndiyo sehemu rahisi. Kibarua ni kufika.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea. Sasa nasomea uanahabari barabarani, nalipwa Sh800 kwa kila makala inayochapishwa. Isipochapishwa, pole yangu. Nauli najitolea mwenyewe, kwa hivyo kabla sijamuuliza mtu swali la kwanza nishapiga hesabu ya darasa la nne.

Chukua siku moja ya Aprili, wiki ya kufungua shule. Natoka Kayole kwenda Kware, Ongata Rongai. Yaani unavuka jiji lote hadi uingie Kaunti ya Kajiado. Kayole hadi tao Sh80. Unatembea mpaka Railways, unatafuta mathree ya Rongai, ambayo jua likiwaka ni Sh100. Lakini mvua imeshika, na makanga hana aibu: "Mia mbili! Kama huna, ngoja ya nyuma!" Boda ya kuingia ndani Sh50. Hiyo ni Sh330 kwenda tu. Ukirudi mvua ikiwa imeisha, ongeza Sh230. Kwenye ile Sh800 umebaki na Sh240, na hujanunua kredo wala chai.

Niliyekuwa namwendea ni mama fundi wa cherehani anayeshonea watoto sare kwa mkopo wazazi wakikosa pesa. Tulikubaliana saa nne. Nami kwa ujuaji wangu nikamwambia afunge kibanda anisubiri nyumbani, eti kelele za barabarani zitaharibu rekodi.

Nilitoka saa moja asubuhi. Mathree ya kwanza ilikaa stejini hadi ijae, kisha Jogoo Road ikawa maji matupu. Ile ya Rongai nayo, tulipofika Bomas, dereva aliona karao mbele akageuza. Tukashushwa. Makanga alinirudishia mia, akanionyesha barabara kwa kidole. Wakati huo wote mama anapiga simu, nami namjibu, "Niko karibu kufika." Mara ya kwanza nilimwambia hivyo nikiwa bado Railways.

Nilifika saa sita kasorobo, viatu vimejaa matope, simu iko asilimia sita. Simu hiyo ndiyo rekoda, ndiyo kamera, ndiyo M-Pesa ya kunirudisha.

"Kijana wangu," mama akasema, bila hasira, na hapo ndipo iliuma, "wateja wawili wamekuja wakapata nimefunga. Wameenda kwa yule mwingine." Sare mbili, wiki ambayo fundi anaitegemea kulipa kodi. Mimi nilikuwa nimehesabu nauli yangu tu. Hasara yake haikuwa kwenye hesabu.

Sikumrekodi siku hiyo. Niliomba msamaha, nikanywa chai yake, nikaondoka.

Kama nawe umeanza kazi hii, haya niliyajua kwa kuumia. Usiulize mtu "unaishi wapi", utaambiwa "hapa tu nyuma ya kanisa", na Rongai makanisa ni mengi kuliko stejini. Uliza jina la steji, rangi ya lango, na boda hutoza ngapi kutoka hapo. Beba pesa taslimu, kwani mtandao hulala siku unapouhitaji, na Fuliza si mshahara. Ukichelewa sema ukweli: "Mama, niko Railways, sijapanda gari." Atafungua kibanda aendelee na kazi.

Ofisini ni hadithi nyingine. Mlangoni askari anataka kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari (MCK), wewe una barua ya mhariri iliyokunjwa mara nne. Ukipita, "mkubwa yuko kwa mkutano" hadi saa saba. Wenzangu wa kike wana shida mimi sina: mtu kukataa mahojiano ya mchana, akataka mkutane usiku, tena pahali pa vinywaji. Rafiki yangu mmoja alikosa makala kwa kukataa mwaliko wa aina hiyo. Mhariri alimuuliza kwa nini hajaleta. Mimi naona mhariri ndiye alifaa kuulizwa.

Wiki iliyofuata nilirudi Kware. Nililala kwa binamu yangu Rongai nikaamkia kibandani saa kumi na mbili u nusu, mama akifungua. Alinipa kiti kando ya cherehani, akanishikisha ncha ya kitambaa cha sweta ya shule, akaanza kusimulia huku mguu ukikanyaga. Mteja akija tunanyamaza, akienda tunaendelea.

Cherehani inasikika kwenye rekodi yote. Makala ilichapishwa, ile Sh800 bado naingojea.